Konzo na Macho Yasiyotulia

Kila jicho huzungushwa na misuli sita, nayo hutii amri za ubongo zipitazo katika mishipa ya fahamu. Amri zikivurugika, jicho hutetemeka na kuona ukungu, ijapokuwa lenyewe ni zima.

Hayo huwapata baadhi ya wagonjwa wa konzo, maradhi yanayokakamaza miguu ghafla na yasiyopona. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioondolewa sumu barabara, pamoja na upungufu wa protini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka katika Wilaya ya Mbinga, iliyojumuisha wakati huo Liuli na mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako muhogo ni chakula kikuu.

Miwani haitulizi mtetemeko huo. Kinga imo jikoni: unga ulowanishwe, utandazwe uwe mwembamba, uachwe juani saa 2 au kivulini saa 5 ili sumu ipeperuke; ndipo usongwe ugali siku hiyohiyo.