Usiwashe jiko kwa nguo kuukuu

Je, msomaji, blauzi uliyonunua kwa bei nafuu soko la Toi ni ya kitambaa gani? Kama ni poliesta, hiyo ni plastiki itokanayo na mafuta ghafi. Haiozi upesi kama pamba.

Ndani ya marobota ya mitumba hupatikana nguo zilizochakaa, zisizo na mnunuzi. Baadhi hutupwa kando ya Mto Nairobi huko Gikomba, nyingine hufika jaa la Dandora au huchomwa. Moshi wake huwasha macho na koo, na humzidishia taabu mwenye pumu.

Kwa hivyo, usiwashie jiko matambara hayo. Nunua nguo chache za kudumu, na ikichanika, mpelekee fundi.