Posa Hupelelezwa

Desturi ya wazee wetu wa pwani, iletwapo posa ya kijana wa mbali, ni kuipokea barua kwa adabu, kisha, kabla ya jibu kutolewa, kumtuma mtu huko mtaani kwake akaulize kwa imamu na kwa majirani juu ya tabia yake na nasaba yake. Maana kanzu iliyopigwa pasi na maneno matamu ya mshenga havikuwa kwao ushahidi wa kutosha. Hekima hiyohiyo ndiyo itupasayo mbele ya habari za mtandaoni.

Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza utafiti wao juu ya watu 45: wanahistoria 10, wakaguzi wa habari 10, na wanafunzi 25. Waliwekewa tovuti za jumuiya mbili za madaktari wa watoto: American Academy of Pediatrics, iliyoasisiwa mwaka 1930, yenye wanachama zaidi ya 60,000, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichozuka mwaka 2002. Wanafunzi walio wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walizama ndani ya kurasa zenyewe, wakavutwa na nembo, mpangilio na orodha ya marejeo, wakakosea au wakashindwa kukata shauri. Wakaguzi hawakukawia hapo. Walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasemaje juu ya jumuiya hizo, na wote 10 wakaitambua iliyo ya kutegemewa.

Basi, msomaji wangu, ukifikiwa na ujumbe wa dawa ya kisukari wenye jina la daktari na nembo ya hospitali, usiurudie kuusoma ukidhani ukweli wake umo ndani yake. Litafute jina lile peke yake. Tazama kama baraza linalosajili madaktari linalitambua, na kama hospitali iliyotajwa imelitangaza jambo hilo kwa kauli yake. Ikiwa na picha, nayo uitafute mtandaoni kwa picha yenyewe, upate kujua ilionekana wapi kabla, na lini. Yasipopatikana hayo, usiumeze wala usiusambaze, kwani mgonjwa aachaye sindano yake kwa ajili ya habari ya uzushi huweza kupoteza uhai.

Huenda aliyekutumia ni ndugu yako, na nia yake ni safi. Lakini mshenga naye huja kwa nia safi, na posa hupelelezwa vilevile.