Amua Karatasi Kabla ya Herufi ya Kwanza

Watu wengi wa Ndabibi hawatawahi kuchapisha kitabu, lakini ni familia chache zitakazokosa kuchapisha kijitabu cha mazishi. Kazi hiyo huja kwa haraka na kwa uchungu. Kamati inakaa jioni, mchango unahesabiwa, mpwa aliyesoma anapewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu kwenye simu yake, na picha zinamiminika kwa WhatsApp kutoka kwa jamaa walioko Nakuru, Nairobi na Qatar. Siku moja kabla ya mazishi faili linafika saiba. Hapo ndipo mtu anauliza kwa mara ya kwanza: tunatumia karatasi gani, na isimame au ilale?

Swali hilo limechelewa. Lilipaswa kuulizwa kabla herufi ya kwanza haijaandikwa, kwa sababu umbo la ukurasa ndilo linaloamua ukubwa wa herufi, mahali pa picha, idadi ya kurasa na gharama yote. Nayaandika haya kwa ajili ya mpwa huyo, na kwa kijana wa saiba atakayelipokea faili lake usiku.

Ukitoka Naivasha mjini, Ndabibi iko ng'ambo ya ziwa, ukishapita mashamba ya maua na Kongoni, chini ya vilima vya Eburru. Kazi ikiharibika hapa, kurudi mjini kutafuta mashine nyingine ni nauli ya kwenda na kurudi, na nusu ya siku imekwisha. Mji mkubwa unaweza kulisamehe kosa la mipangilio. Huku kosa hilo linaliwa na familia iliyofiwa.

Kijitabu cha kawaida hutengenezwa kwa karatasi za A4 zilizolazwa, zikakunjwa katikati na kubanwa pini mbili kwenye mkunjo. Kila karatasi hubeba kurasa nne za A5, yaani milimita 148 kwa 210. Kurasa 16 ni karatasi nne. Karatasi ya nje kabisa, upande wake mmoja, ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Ukiigeuza, wa 2 uko kushoto na wa 15 kulia. Ile ya ndani kabisa ndiyo yenye wa 8 na wa 9 zikitazamana, na hapo katikati ndipo familia nyingi huweka picha kubwa, kwa kuwa ndipo pekee ambapo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja bila kukatwa na mkunjo mwingine. Huna haja ya kuupiga mpango huu wa kurasa kwa kichwa. Programu nyingi huupanga zenyewe ukichagua uchapaji wa kijitabu.

Kisichofanywa na programu ni kuchagua ukubwa sahihi mwanzoni. Kurasa ziandikwe zikiwa A5 zilizosimama tangu mstari wa kwanza. Mtu akiandika kwa A4 na herufi za pointi 12, kisha akaiachia mashine ipunguze, kila kitu kinashuka hadi asilimia 71 na herufi zinabaki kama pointi 8 na nusu. Wazee walioketi chini ya hema, ambao ndio waliomjua marehemu kuliko wote, hawawezi kuzisoma. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko picha iliyofifia.

Kurasa zenyewe ziwe za idadi inayogawanyika kwa nne. Nakala 200 za kurasa 16 zinakula karatasi 800. Maandishi yakifurika kidogo tu, salamu za rambirambi zikaingia ukurasa wa 17, kijitabu kinakuwa cha kurasa 20, tatu kati yake tupu, na karatasi zinafika 1,000, rimu mbili kamili. Kisha kuna uchapaji wa pande mbili: karatasi iliyolala hugeuzwa kwa ukingo wake mfupi. Ukichagua ukingo mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini miguu juu, na kwa kawaida hugunduliwa rimu ya kwanza ikiwa imeshakwisha. Chapa nakala moja, ikunje, ifungue ukurasa kwa ukurasa, ndipo uagize zilizobaki.

Mkunjo huo unafaulu kwa sababu ya hesabu iliyofanywa zamani. Tarehe 25 Oktoba 1786, mwanafizikia Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alimwandikia mwenzake Johann Beckmann kuhusu karatasi ambayo ukiikata katikati, nusu yake inabaki na umbo lilelile. Uwiano unaowezesha hilo ni mmoja tu: upande mrefu uwe takribani mara 1.414 ya upande mfupi, yaani kipeuo cha pili cha mbili. Walter Porstmann aliujengea uwiano huo mfumo mzima, ukawa kiwango cha Ujerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 216. A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikunje mara nne, unapata A4 ya milimita 210 kwa 297. Ikunje tena, unapata A5 ya kijitabu chetu, na hakuna ukanda mweupe unaobaki pembeni bila kazi.

Marekani haikuufuata mfumo huo. Huko hutumia karatasi waiitayo Leta, inchi 8.5 kwa 11, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Imeizidi A4 kwa milimita 6 za upana na kupungukiwa na milimita 18 za urefu. Kwa kuwa programu nyingi zilizaliwa Marekani, kompyuta ya mtumba iliyobaki na mipangilio ya huko hufungua kila ukurasa mpya kwa Leta bila kumwambia mtu. Hata LaTeX, programu ya kupanga kurasa ambayo Leslie Lamport aliijenga miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, huanza na Leta katika mitindo yake ya kawaida mpaka uandike a4paper kwenye mstari wa kwanza. Mwanafunzi wa hisabati pale Egerton, Njoro, anayeandika tasnifu kwa LaTeX, aliweke neno hilo siku ya kwanza. Akiliweka mwezi wa mwisho, mistari itahama, majedwali yatahama, na kila nambari ya ukurasa aliyoitaja kwa mkono itakuwa ya uongo.

Kwenye kioo tofauti ya Leta na A4 haionekani. Inajitokeza mashineni, na kila mashine ina tabia yake. Nyingine husimama, taa ikapepesa, ikingoja karatasi ambayo haimo kwenye trei. Nyingine huchapa kama ilivyo na kukata ukingo. Zilizo nyingi hupunguza au kukuza kimyakimya ili ukurasa uenee, na hizi ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa kuwa kazi hutoka ikionekana nzuri. Tiba yake ni kukagua sehemu tatu zikubaliane: ukubwa uliowekwa ndani ya faili, ukubwa uliochaguliwa wakati wa kutuma kazi, na ukubwa ambao printa imeambiwa umo kwenye trei yake.

Kuhusu ukurasa wa kulala, uchukue pale tu jambo lenyewe ni pana. Orodha ya kikundi cha wakulima yenye jina, nambari ya kitambulisho, simu, ekari, magunia ya mahindi, magunia ya viazi na sahihi haikai kwenye ukurasa uliosimama bila kubanwa. Lakini kuilaza ripoti nzima kwa ajili ya jedwali moja ni kumchosha msomaji, maana mistari mirefu hupoteza jicho. Word huruhusu sehemu moja ya faili ilale na nyingine zisimame ukiweka mkato wa sehemu kabla na baada ya jedwali. LibreOffice hufanya hivyo kwa mtindo wa ukurasa. Ripoti ikishonwa kushoto na kuchapwa upande mmoja, kichwa cha jedwali kielekee kwenye mshono, ili msomaji aizungushe ripoti mara moja tu, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na kusoma.

Limebaki suala la ardhi, na Ndabibi halina wepesi. Hapa palikuwa ranchi ya mlowezi Gilbert Colvile zama za ukoloni, na leo watu wanaishi kwenye mashamba madogo yenye mipaka ya kupimwa. Kila mwenye shamba ana bahasha ya makaratasi, na makaratasi hayo hupitia fotokopi mara nyingi.

Barua nyingi za zamani za serikali ziliandikwa kwenye fulskapu tuliyorithi kwa Waingereza, inchi 8 kwa 13. Inchi 13 ni milimita 330. Ukiitolea kopi ya A4 kwa ukubwa wake, milimita 33 za chini zinabaki nje, na chini ndiko kwenye sahihi na muhuri. Barua ya namna hiyo ipunguzwe hadi asilimia 90 iingie yote.

Ramani usiifanyie hivyo. Chukua ramani ya kipimo cha 1 kwa 2,500. Shamba lenye upana wa mita 100 lina milimita 40 juu ya karatasi. Faili la Leta likibanwa liingie A4, linashuka hadi asilimia 97, na upana huo unasomeka mita 97. Faili la A4 likibanwa kwenye mipangilio ya Leta, linashuka hadi asilimia 94, na shamba la ekari tano ukilipima kwa rula linatoka ekari 4.4. Maandishi ya 1 kwa 2,500 bado yapo palepale kwenye kona, yakiapa kwamba hakuna kilichobadilika. Majirani wamegombana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo anayechapa ramani azime kila chaguo la kuenea ukurasa na aandike asilimia 100. Kama karatasi haitoshi, atafute printa ya A3, hata kama ni kuipeleka Naivasha. Ikishatoka, aweke rula kwenye mstari wa kipimo uliochorwa chini ya ramani: kwa 1 kwa 2,500, mita 100 lazima ziwe milimita 40. Zikipungua, nakala hiyo haifai kupimia mpaka kwa namba zilizoandikwa. Mstari ule bado unafaa, kwa kuwa umesinyaa pamoja na mashamba, na anayeupimia umbali kwa uzi au kwa ukingo wa karatasi atapata mita za kweli.