Mapango ya Amboni: Niliyasoma nikiwa mkimbizi, nimeyaona nikiwa mgeni

WAFANYABIASHARA wetu wengi wanaokwenda Mombasa kupitia Tanga hawajui kwamba basi lao hupita jirani na mapango makubwa ya mawe ya chokaa. Ukitoka mjini Tanga kwa barabara ya Horohoro, kiasi cha kilomita 8 tu, iko njia inayokwenda kijiji cha Kiomoni. Huko ndiko yaliko Mapango ya Amboni.

Jina hilo nililisikia kwanza darasani, katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mwalimu wa Jiografia alichora pango ubaoni, nasi tukakariri: mawe ya chokaa, Amboni, Tanga. Kwenda kuliona lilikuwa jambo jingine. Mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, na kibali kilitafutwa kwa ugonjwa au msiba, si kwa kutazama mapango.

Nilirejea Burundi mwaka 2008. Likizo iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu, mwuza vitenge. Yeye aliendelea na safari ya Mombasa, mimi nikashuka Tanga nikiwa na pasipoti ya nchi yangu mfukoni.

Mapango yako kwenye korongo la Mto Mkulumuzi. Nililipa kiingilio, nikapewa kijana wa kuniongoza, tukashika njia ya miguu. Kuta za mawe ya kijivu zimesimama pande zote, na mizizi ya miti imejipenyeza kwenye nyufa zake. Jasho lilinitoka, maana joto la Pwani si la kwetu milimani. Tulipoingia pangoni hewa ikabadilika, ikawa ya ubaridi, yenye harufu ya kinyesi cha popo.

Kuna mapango 10, lakini wageni hutembezwa katika moja tu. Ndani mna kumbi ambazo tochi haifiki darini, na mna vichochoro ambavyo mtu mzima hupita ameinama. Mawe yananing'inia kutoka juu, mengine yameota kutoka chini. Wataalamu wanasema chokaa hii ni ya zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita.

Kazi yote hiyo imefanywa na maji. Mvua hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka angani na udongoni, ikawa tindikali hafifu. Maji hayo hupenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo hadi ufa unakuwa chumba. Kisha tone linalodondoka darini huacha chembe ya chokaa, na tone jingine vivyo hivyo, mpaka jiwe linaota.

Wenyeji wana hadithi nyingi. Wapo wanaoamini kwamba humu mna mzimu, na hufika kuomba uzazi, afya na riziki. Wapo wanaosimulia habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, kwamba alijificha humu. Aliyewahi kulala porini akikimbia hacheki asikiapo hadithi kama hiyo.

Lakini iliyonichekesha ni ile ya njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Nilimfikiria shemeji na mizigo yake. Angepata njia hiyo, isiyo na foleni, mhuri wala ushuru, asingeonekana tena Horohoro! Bahati mbaya, wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango haya mwaka 1994, wakakuta refu kuliko yote lina mita 900 tu. Njia ya Mombasa ni ile ile ya juu, yenye foleni.

Hapo ndipo nilipoyaona makazi yetu ya zamani kwa jicho jingine. Huko tuliishi kwa tetesi: kesho tunarudishwa, mashamba yetu yamegawiwa, mpaka umefungwa. Katikati ya tetesi hizo mwalimu mmoja alitufundisha jambo ambalo mtu anaweza kulipima na kulishika. Nililigusa jiwe lile Amboni, nikakuta kila alichosema ni kweli.

Nayasema haya kwa sababu watoto wa waliorejea huonewa haya darasani. Kifaransa chao kizito, Kirundi chao kina lafudhi ya Tanzania, wenzao wanawacheka. Wazazi wengine huwakataza hata kutaja shule walizotoka. Ndugu mzazi, usimfiche mwanao elimu yake. Alichojifunza uhamishoni ni mali halali, hakitozwi ushuru mpakani, na Kiswahili anachochekewa leo ndicho kitakachomwuzia bidhaa kesho Kigoma, Tanga na Mombasa.

Kwa atakayepita huko: vaa viatu visivyoteleza, beba tochi yako, usiingie bila mwongozaji. Usivunje jiwe wala kuandika jina lako ukutani. Jiwe unalolivunja kwa dakika moja, maji yalilijenga kwa maelfu ya miaka.