DHAHABU NA MARADHI YA SARATANI

Na Katibu wa Chama



Mwezi uliopita, siku ya kugawa magunia, alinijia ofisini mwanachama mmoja, mtu mzima wa heshima, akanivuta pembeni. Akasema: "Bwana Katibu, ati ni kweli dhahabu yaponya saratani? Shemeji yangu ana uvimbe wa ziwa, na tumeambiwa yuko mtu asagaye dhahabu akaitia katika maji, mgonjwa akanywa. Mke wangu amekwisha vua mkufu wake." Sikuwa na jawabu siku ile. Nilimwomba mzee wangu auweke mkufu, ampeleke mgonjwa hospitali, nami nitafute khabari. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa kuwa aliyeuliza ni mmoja, lakini wenye swali hilo moyoni ni wengi.

Kwanza tufahamu kwamba neno hili lina asili. Limetoka katika elimu ya kweli, kisha likapotoshwa njiani.

Dhahabu ikiwa pete au mkufu ni ya kimanjano, na kazi yake ni pambo. Lakini ikiwa punje ndogo mno, tabia yake hugeuka. Mwaka 1857 Michael Faraday wa Royal Institution, London, alieleza kwamba maji yenye punje za dhahabu ndogo kabisa huwa mekundu kama yakuti. Punje hizo hupimwa kwa nanomita. Ukiigawa mita moja mafungu milioni elfu, fungu moja ndilo nanomita. Unywele wa kichwani una unene wa kiasi cha nanomita 80,000, na punje tunazozisema hapa nyingi zina baina ya 10 na 150 tu.

Wengi wetu tumekwisha ziona bila ya kujua. Ukenda kupimwa malaria kwa tone la damu kidoleni, ule mstari mwekundu utokeao katika kile kipimo kidogo, katika vipimo vingi ni punje za dhahabu. Punje huvikwa kingamwili, yaani kitu kishikacho adui mmoja tu na kuwaacha wengine wote, kama mkono wa mchambuaji ujuavyo konyo na karafuu hata taa ikiwa hafifu. Adui akiwamo katika damu, punje hukusanyika mahali pamoja, na mstari ukaonekana.

Wataalamu wakajiuliza: kama dhahabu yaweza kumfichua adui wa malaria, kwa nini isifichue saratani? Mwaka 2005 Profesa Mostafa El-Sayed, mzaliwa wa Misri aliyekuwa akisomesha Georgia Tech huko Marekani, pamoja na mwanawe Ivan, ambaye ni daktari wa kupasua, walivika punje za dhahabu kingamwili ishikayo chembe za saratani. Walipozitazama kwa darubini, chembe zenye ugonjwa ziling'ara, na zile nzima zikatambulikana kuwa mbali nazo.

Ama kutibu, njia yake ni moto. Kila mkulima ajua kwamba bati jeusi hushika jua kuliko jeupe. Punje za dhahabu zikitengenezwa kwa umbo maalumu hushika namna ya mwanga usioonekana kwa jicho, nao ni mwanga uwezao kupenya nyama ya mwili. Punje zikaapo ndani ya uvimbe kisha zikamulikwa, hupata moto zikaunguza uvimbe, na nyama ya jirani ikasalimika. Ni sawa na kuchoma kichaka kimoja bila ya kuunguza shamba.

Naomi Halas na Jennifer West wa Rice University, mjini Houston, walionyesha jambo hilo mwaka 2003. Mwaka 2019 ikatangazwa khabari ya wanaume 16 wa Marekani wenye saratani ya tezi la kiume. Walitiwa mshipani punje za silika, jamii ya mchanga, zilizovikwa ngozi ya dhahabu, na kesho yake wakamulikwa. Waliokamilisha matibabu ni 15, na wengi wao walipopimwa tena baada ya miezi 12, pale palipounguzwa hapakuonekana saratani.

Hii ni khabari njema, lakini tusiipe uzito isiokuwa nao. Wanaume hao walikuwa wachache, na ugonjwa wao ulikuwa haujaenea. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walikusanya majaribio ya miaka 10 ya punje ndogo za kila namna katika wanyama, wakaona kwamba katika punje 1,000 zitiwazo mshipani, kwa kawaida ni kama 7 tu zifikazo kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na bandama. Kwa hiyo kazi hii ingali katika kujaribiwa, wala haijawa dawa ya kila hospitali.

Sasa mkufu uliosagwa una nini na haya? Hauna kitu. Tupa ya sonara haifikii udogo ule, na mkufu wenyewe kwa kawaida umechanganywa na shaba au fedha. Hauna kingamwili ya kuujua uvimbe, wala hapana mwanga wa kuutia moto. Anywaye maji yale hupoteza mali, na lililo baya zaidi, hupoteza siku.

Nazo siku ndizo dawa. Saratani nyingi zikigunduliwa mapema hutibika kwa kupasuliwa, kwa mionzi na kwa madawa, na wagonjwa wa visiwani huvushwa hata Ocean Road, Dar es Salaam. Basi mwenye uvimbe wa ziwa, kidonda kisichopona, damu isiyo ya wakati wake, tabu ya kumeza au mkojo wa shida, asione haya. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Yule mgonjwa amekwisha kwenda hospitali, amekatwa kipande kidogo cha uvimbe, na jamaa wanangojea majibu. Mkufu ungaliko. Ukiuzwa, utauzwa kwa nauli ya kuvuka bahari, na hapo dhahabu itakuwa imefanya kazi yake. Tumwombee afya.