Kabla ya Kumtii Mchungaji, Jipime

Ushirika unapochafuka, wazee wa kanisa hukimbilia mistari miwili ya Biblia. Waebrania 13:17 unawataka waumini wawatii viongozi wao; 2 Wakorintho 13:5 unamtaka kila mtu ajichunguze kama bado yumo katika imani. Mara nyingi wa kwanza hutumika kumlinda kiongozi, na wa pili kumnyamazisha anayelalamika. Ukiusoma muktadha, mgawanyo huo hausimami.

Wakorintho walikuwa wakimdai Paulo ushahidi kwamba Kristo anasema ndani yake. Hakuwatolea cheo. Aliwaambia wajipime wenyewe, kwa kuwa imani waliyoipata kwa mahubiri yake ndiyo iliyokuwa ushahidi, kisha akajiweka naye kwenye kipimo hichohicho. Aya chache mbele anasema mamlaka yake amepewa ajengee, asibomolee. Mwandishi wa Waebrania naye, kabla hajafika kwenye utii, anawataka wasomaji wautazame mwisho wa mwenendo wa viongozi wao ndipo waige imani yao. Na hata anapodai utii, anakumbusha kwamba viongozi watatoa hesabu ya roho wanazozichunga.

Kwa msomaji wa Bujonde na Kyela yote, jambo hili si geni. Wamisionari Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, walikuta watu wanaojua kuukagua moyo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930, aliandika kwamba katika matambiko ya ukoo ndugu walitakiwa kuitoa hasira yao kwa maneno. Aliyekaa kimya huku amefunga kinyongo aliliharibu tambiko. Malafyale, yaani chifu, naye hakutawala peke yake: kulikuwa na amafumu, viongozi wa vijiji, na manung'uniko ya watu yaliaminiwa kwamba yanaweza kumwangushia mkosaji ugonjwa, hata akiwa mtawala.

Makanisa yalileta njia zao. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18 walizungumza na kila mshiriki faraghani kabla ya Meza ya Bwana. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, alimtaka anayeungama aitazame nafasi yake mwenyewe katika mwanga wa Amri Kumi: ni baba, mama, mtoto, bwana au mtumishi? Kwa mkulima wa mpunga, swali hilo hushuka hadi shambani. Je, kibarua aliyepalilia amelipwa chake chote? Mpaka wa jaruba la mjane umebaki pale ulipokuwa? Mchele uliouzwa sokoni ulipimwa kwa kipimo cha haki?

Hatari huanza uchunguzi unapogeuka orodha ya dhambi za wengine. Miaka ya 1930, African National Church lilipata wafuasi Unyakyusa kwa kuwapokea wanaume wenye wake wengi, ambao makanisa ya misheni yaliwafungia mlango. Unaweza usikubaliane na mafundisho yake, lakini kuwepo kwake kulionyesha jinsi nidhamu inavyoweza kuwatoa watu nje bila kuwagusa mioyo.

Katiba za Wamoraviani na Walutheri nazo haziachi madaraka mikononi mwa mmoja. Kwa Wamoraviani askofu ni mchungaji wa wachungaji. Jimbo huongozwa na mwenyekiti na halmashauri yake, na juu yao iko sinodi. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Mkutano Mkuu wa dayosisi ndio wenye kauli ya mwisho. Mwaka 2022 mgogoro wa Dayosisi ya Konde, uliohusu pia kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, ulifikishwa kwenye kikao na akachaguliwa askofu mwingine. Watu waliumia na wengine wakaondoka, lakini waumini walijua mlango wa kupitia. Katika kundi la waumini la Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, lililomtii mhubiri mmoja, hapakuwa na mlango wa namna hiyo. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa huko kuanzia mwaka 2023, mingi ikiwa ya waumini waliofunga hadi kufa.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa Meza ya Bwana aanze na nafsi yake, kama 1 Wakorintho 11:28 unavyoagiza. Nani nina kinyongo naye, na nimemwendea? Naunga mkono uamuzi wa kanisa kwa sababu ni wa haki, au kwa sababu umetoka kwa mtu wa ukoo wetu? Napinga kwa sababu ya kweli, au kwa sababu nilikosa kiti? Akishamaliza hapo, ana haki ya kumuuliza kiongozi: sadaka zinasomwa hadharani? Anayehoji anasikilizwa au anatengwa? Mkulima anayepeleka kakao kwenye chama cha ushirika (AMCOS) husimama mahali anapoweza kuisoma mizani, na karani mwaminifu haoni kwamba ametukanwa.

Mchungaji anayestahili kutiiwa hukubali swali kama hilo. Na muumini aliyekwisha kujipima huliuliza bila chuki, kisha, akipata jibu la haki, hutii bila kunung'unika.