Sindano ya Mgongo: Inatuliza Nini, Inaficha Nini?

Hapa Kolwezi na katika Lualaba yote wengi wanaishi kwa kubeba: magunia ya mawe ya shaba na kobalti, makaa, bidoni za maji. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mpaka mguuni tunayajua. Mara nyingi mgonjwa anashauriwa achomwe deksametazoni ili kesho arudi kazini.

Dawa hiyo ni ya jamii ya steroidi. Kazi yake ni kupunguza uvimbe. Kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu laini kama mito. Mto mmoja ukitoka mahali pake, unaweza kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Daktari fundi anaweza kuweka steroidi karibu na mshipa huo, akiongozwa na picha za mashine. Maumivu ya mguu yanaweza kutulia kwa majuma kadhaa, lakini kwa maumivu ya mgongo peke yake faida ni ndogo. Sindano hairudishi mto mahali pake. Wagonjwa wengi wanapona bila sindano, ndani ya miezi michache.

Sindano ya matakoni ni kitu kingine. Dawa inaenea mwilini mwote. Ikirudiwa mara nyingi inapandisha sukari ya damu, inadhoofisha mifupa na kupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Kama maumivu yanatoka kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, steroidi inaweza kuficha ugonjwa huku ukiendelea. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla bila daktari.

Usafi pia ni jambo kubwa. Mwaka 2012 huko Marekani, steroidi zilizoingiwa na kuvu ziliwaugua watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 walikufa.

Nenda hospitali upesi kama mguu unalegea, mkojo unazuilika au unatoka wenyewe, au sehemu za siri zina ganzi. Homa, kukonda na jasho la usiku pia zisipuuzwe. Kabla ya kuchomwa, uliza: ni dawa gani, na ugonjwa wangu ni nini?

Na sisi washirika tukumbuke: anayebeba magunia hawezi kupumzisha mgongo kama nyumbani hakuna unga. Kumtembelea na unga ni sehemu ya matibabu.